Kigingi cha Demani: Maisha ya Josiah Buya Pekeshe, 1909–1957

Josiah Buya Pekeshe alizaliwa Idsowe tarehe 3 Mei 1909, maji ya mto yakiwa yameingia hadi chini ya kitanda cha mama yake. Alikuwa mtoto wa pili wa Pekeshe Buya na Rebeka, wakulima wa mpunga.

Alisoma shule ya misheni, Ngao, kuanzia 1920 hadi darasa la nne. Mwaka wake wa mwisho alibandua ubao wa dawati akachonga kasia, akapigwa viboko kumi na viwili mbele ya wenzake. Alipoulizwa kama amejuta alijibu, "Nimejuta, Mwalimu. Ubao ulikuwa mfupi." Akaongezwa vitatu.

Mwaka 1931 aliajiriwa kuvuta kamba ya kivuko cha Garsen. Katika mafuriko ya Novemba 1938 mkondo uliipokonya kamba mikononi mwa wavutaji. Ilimvunja shingo mwenzake, Dukicha, akafa papo hapo. Josiah ilimkata vidole viwili. Tangu siku hiyo hakuiamini tena kamba inayoshikwa kwa mkono. "Kamba ifungwe," aliwaambia wavutaji. "Mkono ni nyama tu." Kivukoni sheria hiyo iliokoa watu wengi.

Alifunga ndoa na Margaret tarehe 8 Desemba 1934, wakajaliwa Laban na Asenath. Margaret ndiye aliyekuwa akimpinga mezani na ndiye aliyepanda naye chomboni.

Chombo chenyewe alikipata 1951: mashua ndogo ya tanga, yenye chumba cha kulala watu wawili, aliyoachiwa na mpimaji wa mto aliyekuwa akirudi kwao. Barabara ilipozama, mashua hiyo iliwabeba wagonjwa wa Kilelengwani hadi Kipini, wengine hadi Lamu. Hakuna ofisi iliyomtuma. Ofisi zilikuwa na magari, na magari yalikuwa yamekwama matopeni.

Demani, kamba ya kukaza na kulegeza tanga, ilifungwa kwenye ncha ya nyuma ya mti wa tanga, ule ulalao chini ya tanga, ikipita karibu na shingo ya mshika usukani. Februari 1953 upepo uligeuza tanga ghafla. Kamba ilimnasa Margaret kooni ikambwaga, na mti ukamvunja taya. Josiah akabadilisha mpango wote. Aliihamishia demani katikati ya mti, akaipitisha kwenye makapi mawili ya chuma, yale magurudumu ya kuvutia kamba, akaishusha hadi kwenye boriti mbele ya usukani. Kazi ya wanaume wawili ikawa ya mmoja. Kisha, kwa mazoea ya kivuko, akapigilia kigingi cha mkoko juu ya boriti na kuifunga demani hapo.

Swaleh, nahodha wa Kipini, alipoiona alicheka. "Ewe Mpokomo, upepo wafungwa kama mbuzi? Kamba hini yataka mkono, upate kuiachilia!"

"Mkono niliutoa Garsen," Josiah alimjibu, akimwonyesha vidole. "Sina mwingine wa kutoa."

Mkwewe Danson, mume wa Asenath, naye alimsihi aking'oe kigingi. "Baba, fundo likilowa halifunguki."

"Utakapokuwa na mashua yako, mkwe, funga hata kwa meno."

Tarehe 14 Agosti 1957 Josiah na Danson walimchukua Mwanahamisi wa Kilelengwani, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa kwa siku ya pili. Kwenye mlango wa mto, Kipini, upepo wa kusi uliwapiga kwa ubavu. Mashua ililala, maji yakaingia chumbani alimokuwa mama yule. Danson alivuta fundo hadi kucha zikang'oka. Fundo halikufunguka. Akachukua panga akaikata demani. Mashua ikainuka. Mti wa tanga, usio na cha kuuzuia, ukarudi kwa nguvu ukampiga Josiah kifuani alipokuwa ameinama kumtoa Mwanahamisi majini. Mbavu nne zilivunjika. Mwanahamisi alijifungua mtoto wa kiume jioni hiyo, Kipini.

Hapa kijijini ilifika habari moja tu: Danson kamkatia mkwewe kamba, na mzee yu mahututi. Hakuna aliyeuliza zaidi. Tarehe 16 Danson alipotangulia kurudi, vijana, wakiongozwa na Laban, walimvunja mkono kwa marungu, wakaichoma nyumba yake Asenath akiwa bado anatoa watoto. Sisi ndio tunaosimama Garsen kudai haki kwa serikali! Haki gani tunayoijua, ikiwa jirani yetu tunamhukumu kwa kiberiti?

Josiah aliletwa nyumbani tarehe 17 akitema damu. Alipoambiwa yaliyotendeka alimwita Laban mbele ya Margaret na mzee wa kanisa. "Kigingi nilikitia mimi," alisema. "Swaleh aliniambia, Danson aliniambia, nikakataa. Asingekata, tungekufa sote. Umemvunja mtu aliyeniokoa, Laban. Nyumba utaijenga wewe, kwa mikono yako. Na siku ya kunizika haya yasomwe, kosa langu lisifichwe." Alifariki Jumanne tarehe 20 Agosti, saa nne asubuhi. Wapo mliokuja hapa na marungu. Huo ndio ushahidi, na aliyeutoa ni huyu mliyekuja kumlipizia kisasi.

Marehemu ameacha mjane, Margaret; wajukuu watatu; na watoto watatu, kama alivyowahesabu mwenyewe kitandani: Laban, Asenath na Danson. Atakayemgusa mmoja wao amegusa damu ya marehemu.

Udongo wa Idsowe umpokee kwa upole, na Mungu ampe amani ambayo sisi, wiki hii, tulishindwa kumpa.