Santuri Zisizo na Majina

Kwenye basi la kwenda kitongoji cha Walthamstow, kiti cha mbele yangu, mama mmoja alikuwa amepakata kreti la santuri. Jamaa mwenye mvi aliyeketi kando yake akachungulia, akauliza mbona hazina majina.

"Za marehemu kaka yangu, Neville," mama akajibu. "Alikuwa DJ. Alibandua karatasi zote za majina ili wenzake wasijue anapiga nini."

"Neville wa dansi za usiku kwenye maghala ya Hackney? Dada, huyo alituchezesha ngoma za kasi na besi nzito kabla muziki wenyewe haujapata jina. Magoti yangu hayajamsamehe."

Yangu pia, ila sikuulizwa.

"Tunamzika leo. Aliusia apigiwe ule wimbo aliokuwa akifungia dansi. Padri karuhusu mmoja tu. Ni upi?"

"Nikiusikia nautambua. Kwa macho, hapana. Kuficha majina ni uchoyo, dada."

"Uchoyo? Angeacha majina, wiki ya pili kila mtu angekuwa nazo."

Mama akamsogezea kreti. "Haya, chagua."

"Nikikosea je?"

"Mwenyewe hatakusuta."

Basi likasimama langoni mwa makaburi. Jamaa alikuwa amenyanyua mbili, moja kila mkono, anazipima kama viazi vya sokoni.