Hilari Majaliwa Songoro, Piano ya Mafiga Matatu

Kaka yetu mpendwa, Mwalimu Hilari Majaliwa Songoro, alizaliwa Kikwajuni, Ng'ambo, tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mzee Majaliwa Songoro, seremala, na mama Bernadeta. Mama alikuwa akisimulia kwamba kichanga huyo alilia kwa sauti moja tu, usiku na mchana, mpaka majirani wakaizoea.

Alisoma msingi na sekondari hapo hapo Ng'ambo, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1979. Kinanda alijifunza kanisani, kwa kukaa nyuma ya mpigaji na kutazama vidole. Hesabu ndizo zilizomlisha, lakini muziki ndio uliomnyima usingizi.

Alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na wengi mliopo hapa mnaijua shabaha yake ya kutupa chaki. Jioni alipiga piano katika hoteli za Mji Mkongwe, na mwisho wa wiki Uroa. Wageni walitaka nyimbo za kwao. Yeye alikuwa na zake, za jazi, alizozitunga mwenyewe na kuzitia mapigo ya kidumbak, ile ngoma ya harusi za mitaani. Mwaka 2006 aliungana na Nadir wa besi na Anuar wa ngoma, wakajiita Mafiga Matatu, maana figa moja haliinjiki chungu. Chungu chenyewe kilichelewa kuiva. Walipiga nyumbani kwake kila Alhamisi jioni, miaka mingi, bila kurekodi hata wimbo mmoja, kwa sababu kila mwaka Mwalimu alisema bado hazijakaa sawa.

Tarehe 13 Desemba 1986 alifunga ndoa na Bi Tabia. Siku hiyo mpiga kinanda aliugua ghafla. Bibi harusi akaingia kanisani, akatazama mbele, bwana harusi hayupo. Yuko kwenye kinanda, kajiinamia, anapiga.

"Hilari, unaoa au unapiga?" Bi Tabia akamuuliza mbele ya watu.

"Nnakuja, mke wangu. Nnamaliza ubeti."

Walijaliwa watoto wawili, Felista na Simai, na baadaye wakahamia Chukwani.

Mwezi Juni 2024 daktari alimweleza kuwa ana ugonjwa wa neva, na kwamba mkono wa kushoto ndio utakaotangulia kumwacha. Mwalimu alirudi nyumbani akawapigia simu wenzake: "Njooni. Zimekaa sawa." Kwa kuwa piano haikuweza kuhamishwa, fundi wa sauti, Wakil, alileta mitambo Chukwani. Aliziba madirisha kwa magodoro, akachomoa friji, akawasubirisha kila ilipoadhiniwa. Nyimbo saba zilipatikana. Wa nane, aliomtungia Bi Tabia, ulikuwa mrefu na ulitaka mkono wa kushoto usiopumzika. Kufikia hapo mkono huo ulikubali kuupiga mara moja tu kwa siku, na si kila siku.

Jumanne tarehe 3 Septemba aliupiga kama ambavyo hatukuwahi kumsikia. Karibu na mwisho, mlangoni akafika jirani yetu Bi Kazija na bakuli la uji wa mgonjwa.

"Hodi!"

Bi Tabia aliiuma kanga jikoni.

"Hodi, wenyewe!"

Sote tunajua kuwa hodi ni tatu, na ya tatu isipoitikiwa mgeni huondoka.

"Hodi jamani!"

"Karibu, Bi Kazija! Pita ndani!" Mwalimu akaitika kwa sauti ya darasani, vidole vikiendelea, akaumaliza wimbo wote.

Wakil alivua visikilizio vya masikioni. "Mwalimu, sauti imeingia. Haikatiki. Turudie."

Alijaribu. Mkono ulikataa. Kesho yake ulikataa, na haukukubali tena kamwe. Tulilia, tusifiche. Yeye ndiye aliyetunyamazisha: "Iacheni hivyo hivyo. Nimepiga kwangu, na kwangu mtu akibisha hodi huitikiwa." Bi Kazija, ambaye yupo nasi hapa, tangu siku hiyo hujitambulisha kuwa ni mwimbaji wa jazi.

Albamu iliyokamilika ililetwa mapema Februari 2025. Aliisikiliza kitandani, yote, macho kayafumba. Mwishoni akanong'ona, "Anuar, wimbo wa tatu umekimbia."

"Nlikuwa nnakufuata wewe, Mwalimu."

Alicheka mpaka akakohoa. Alifariki nyumbani, asubuhi ya Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, Bi Tabia akiwa amemshika mkono wa kushoto.

Marehemu ameacha mjane, Bi Tabia, watoto, Felista na Simai, wajukuu wanne, mimi mdogo wake, nyimbo nane, na Nadir na Anuar, ambao kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa hawana pa kwenda Alhamisi jioni.

Mungu amlaze kwa amani, apumzike.