Kitambaa cha Koulsoum Hakichuji

Bibi Koulsoum Mroivili, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Ambanoro, Nosy Be, tarehe 12 Machi 1921. Chuoni alihitimu Kurani. Shule ya Kifaransa aliiona dirishani tu, akipita na kapu la samaki kichwani.

Mwaka 1940 aliolewa na Djaffar, seremala, wakahamia Mahabibo, Mahajanga. Djaffar husema alimpendea upole. Tumsamehe, alikuwa hajamjua.

Kazi yake ilikuwa kufuma. Mwaka 1961, bendera yetu ya uhuru bado ikinuka upya, alitaka ufumaji ule mgumu wa kizamani: nyuzi za rafia hufungwa vifundo kwanza, zikatiwa rangi, ndipo zikatandwa kwenye kitanda cha mfumi. Palipofungwa ndipo ua linapotokea. Aliyeujua alikuwa Bibi Rabiata wa mtaa wa Mangarivotra, naye Koulsoum akamwendea kuuliza.

"Vifundo unafungia nini, dada?"

"Uzi wa pamba, shoga," Rabiata akamdanganya. "Kaza tu."

Pamba ikanyonya rangi. Kazi ya miezi minne ikatoka nyekundu tupu, na arusini ikamchujia bibi arusi, Zalia, mabegani. Rabiata akacheka mbele za watu: "Vidole vya magamba ya samaki hivyo! Kitambaa chako hata jeneza litakikataa!"

Koulsoum alirudi kwenye kitanda chake cha mfumi. Akaharibu mitande mingine mitatu, hata akagundua kwamba ganda la mgomba halipitishi rangi, na rangi ikichemshwa vizuri haichuji. Kisha akalipiza. Siri aliyoificha Rabiata miaka thelathini, yeye aliimwaga bure barazani kwa kila binti aliyetaka, akianza na wakwe wawili wa Rabiata mwenyewe. Kila wakiondoka aliwaambia, "Nisalimieni mama mkwe!"

Kifua kilimbana tangu Juni. Tukimwambia apumzike, alijibu, "Nikimaliza ua hili." Alilimaliza. Alifariki Alhamisi, 6 Novemba 1969.

Ameacha mume, watoto wawili, Faouzia na Elamine, wajukuu watano, na wanafunzi kumi na tisa, ambao Rabiata angependa wawe wachache.

Kitambaa kilichofunika jeneza hili ni hicho cha mwisho. Bibi Rabiata, karibu mbele, ndivyo alivyousia marehemu. Bakuli la maji lile pale, na kitambaa cheupe kando yake. Lowesha hicho cheupe, mama, ukisugue juu ya ua hili kwa nguvu zako zote, tuone kama litachuja.

Koulsoum na alale kwa utulivu, wewe ukisugua.