Mkono wa Dobi Unapopita

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi wenzangu, na ninyi wahitimu mnaotoka jasho ndani ya majoho: aliyeifundisha kompyuta kupiga pasi ndiye huyu aliyesimama mbele yenu.

Haya, nimedanganya. Hata kuizima sijui. Mimi na shule tuliagana darasa la nne, kwa furaha ya pande zote mbili.

Mjukuu wangu anayehitimu leo alitaka katuni yake ya mtihani wa mwisho, ile ya picha zinazotembea, imwonyeshe bibi yake akiwa kazini. Bibi huyo ni mke wangu, yule pale safu ya pili, dobi wa miaka thelathini na minane, ambaye mkono wake wa kulia ulipooza mwaka juzi. Mjukuu akaapa: bibi asipojitambua, katuni anaifuta, na cheti akikose.

Nikaulizwa mimi mkono ulikuwa ukipita wapi. Nikajibu bila aibu kwamba unaenda, unarudi. Mjukuu akaweka nukta mbili kwenye kompyuta, mwanzo na mwisho; nayo ikaziunganisha kwa mstari ulionyooka kama rula. Jamani, yule hakuwa dobi, alikuwa mtu anayesukuma droo.

Akina baba wenzangu, nani kati yetu amewahi kuutazama mkono uliomnyooshea shati? Mimi nilivaa tu, nikatoka.

Ikabidi tumwendee mwenyewe. Akanisimamisha mezani, akanikamata kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, akaniendesha kama gari bovu: mbele, kiwiko kikafunguka, pasi ikazunguka kola, ikapanda, ikatulia karibu na uso, ikashuka. Mjukuu akaweka nukta kila hatua, zikafanya upinde. Pale pa kutulia zilirundikana. Akataka kuzifuta, akidhani babu kachoka.

"Ziache," mke wangu akasema. "Hapo naisogeza shavuni, nasikiliza joto."

Miaka yote hiyo, habari za shavu nazisikia siku ile.

Leo katuni ilipoanza kuonyeshwa hapa niliogopa kumtazama mke wangu. Mkono ukapanda, ukatulia, ukashuka. Akaninong'oneza, "Huyo ni mimi." Kisha akaniambia nifunge kifungo cha shati.

Walimu, asanteni kwa kumlea mtoto wetu, nanyi nyote kwa kunivumilia. Ila, Mheshimiwa, nilisimama kwenye meza ile wiki tatu bila hata chai, kwa hiyo chuo nakidai. Mwambie anayeendesha mitambo aturudishie pale mkono unapoanza kupanda, aupitishe polepole. Kuna mtu safu ya pili hakuona vizuri, macho yalimjaa; na jirani yake pia.