Delbert Haugen na Ekseli ya Mbele

Wasifu wa Delbert Orin Haugen, unaosomwa na dada yake Nadine katika kanisa la North Fork, Idaho, Jumanne tarehe 19 Novemba 2024.

Delbert alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 mjini Salmon, mtoto wa pili wa marehemu Orin na Hazel Haugen. Wa kwanza ni Nadine, anayewasomea haya. Wa mwisho ni Wendell, yule mnayemwona kiti cha mbele na grisi bado kwenye kucha. Msimkazie macho. Amelala chini ya gari tangu Ijumaa, na suti hiyo ameivaa uani kwetu.

Alisoma Salmon, akamaliza sekondari mwaka 1969. Ripoti zake zilisema ni mtoto msikivu. Sisi tuliolala naye chumba kimoja hatukuwahi kumjua huyo msikivu ni nani. Delbert akishaamua jambo lake, unaweza kumwambia mpaka sauti ikauke, atakutazama kwa upole kabisa kisha atafanya alichotaka.

Kuanzia mwaka 1971 hadi alipostaafu mwaka 2013 aliendesha malori ya magogo katika milima hii, na hakuwahi kupindua hata moja. Wendell yeye alifungua karakana ya ekseli, iliyo pale darajani mpaka leo. Baba yetu aliwaachia sheria moja, na kila mwenye gari la kuvuta magurudumu manne bonde hili anaijua: ukifunga tairi kubwa, badilisha gia za difu, zile za ndani ya ekseli, siku hiyohiyo, mbele na nyuma, kwa namba moja. Tairi kubwa huielemea injini, na gia mpya ndizo huirudishia pumzi. Namba zikitofautiana, magurudumu ya mbele yanataka mwendo wake na ya nyuma yanataka wake, na ukiyavutisha yote kwa pamoja chuma kinavunjika.

Tarehe 14 Juni 1975 alimwoa Arlene Tesch katika kanisa hilihili. Walikutana kwenye maonyesho ya ng'ombe, Delbert akaomba kumrudisha nyumbani. Hawakuwa wamefika mbali, binti wa watu akamwambia, "Samahani kaka, hiyo difu yako inalia."

"Hailii. Ni upepo huo."

"Ukikanyaga mafuta inanyamaza, ukiachia inalia. Upepo gani unaofuata mguu wako?"

Kesho yake Wendell aliifungua ile difu akakuta gia zimekaa vibaya. Delbert alisema mwanamke mwenye sikio kama hilo hawezi kumwacha apite. Tangu hapo hakuna gari lililotoka kwa Wendell kabla Arlene hajakaa kiti cha abiria akalisikiliza. Walijaliwa mtoto mmoja, Corinne.

Mwaka 2019 figo za Arlene ziligoma. Kliniki ya kusafishia damu iko Hamilton, ng'ambo ya mlima wa Lost Trail, naye anatakiwa huko kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Corinne aliwasihi wahamie kwake Boise. Walikataa wote wawili, kwa hiyo asilaumiwe mmoja. Delbert alimwendesha mkewe kiangazi na masika, theluji na matope. Akiwa mlangoni na funguo mkononi, alikuwa akiuliza, "Mama, mlima unatungoja, twende?" Naye Arlene alikuwa akimjibu, "Ungoje. Sijavaa viatu."

Mwaka huu theluji iliwahi. Mwezi wa Septemba Delbert alichoka kukwama kwenye njia ya getini kwake, akafunga tairi za inchi thelathini na saba bila kugusa gia. Sheria ya baba aliijua. Alidhani injini itavumilia mpaka apate nafasi. Haikuvumilia. Mlimani gari lilikuwa likihema, giaboksi inachemka, wanasimama njiani ipoe huku Arlene akitazama saa yake. Siku moja alimwambia, "Del, yule bibi wa baiskeli ametupita tena."

Ndipo alipokwenda kwa Wendell, na wakagombana kama watoto. Gari lilitoka kiwandani na gia za namba tatu nukta tano tano, na namba ikipanda, gari hupata nguvu ya mlima lakini injini hupiga kelele. Delbert alitaka nne nukta moja, ambayo ingerudisha mwendo uleule wa zamani.

"Nne nukta moja ni ya mtu wa tambarare," Wendell alimwambia. "Wewe unapanda Lost Trail na mgonjwa. Weka nne nukta tano sita, basi."

"Ile injini itapiga kelele njia nzima! Nitasikiaje mke wangu akiniita?"

"Unataka kimya au unataka kufika?"

Delbert akasema anataka kufika. Wakafunga nne nukta tano sita nyuma. Gia za mbele zilichelewa barabarani kutoka kwa muuzaji, na kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Wendell alimwomba aliache gari pale, atampeleka Arlene yeye mwenyewe kwa gari lake. Delbert akamwambia, "Mke wangu namwendesha mimi." Akaapa hataugusa mkono wa kuvutisha magurudumu manne mpaka ekseli ya mbele iwe tayari, akaufunga kwa kamba ya marobota ya majani ili asijisahau.

Moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu mwaka juzi. Daktari alimkataza koleo la theluji. Delbert aliitikia vizuri, akaliweka koleo nyuma ya gari.

Alhamisi tarehe 14 Novemba theluji iliwakuta juu, kwenye kona ya mwisho kabla ya kilele, na magurudumu ya nyuma yakaanza kuteleza kuelekea ukingoni. Yaliyofuata Arlene ametusimulia mara moja tu. Delbert alitoa kisu.

"Usikate hiyo kamba, Del. Ulimwahidi Wendell."

"Wewe nilikuahidi kabla yake."

Akakata, akavuta ule mkono. Gari lilipanda likiguna, likaipita kona, kisha kitu kikavunjika mbele na magurudumu yakagoma kuzunguka. Delbert alishuka na koleo. Arlene alimwita kwa dirisha arudi ndani wangoje gari la kuondoa theluji. Akajibu, "Dakika moja tu, mama." Alianguka kando ya tairi. Arlene, ambaye hupanda gari lile kwa kusaidiwa, aliteremka peke yake, akakaa kwenye theluji na kichwa cha mumewe mapajani mpaka dereva wa gari la theluji alipotokea. Dereva huyo alimfikisha Arlene kliniki. Ndugu yetu alikuwa ameshakata roho.

Yanayofuata Wendell hakutaka yachapwe, lakini dada mkubwa ndiye mwenye kalamu. Jumamosi Arlene alikataa kwenda kliniki. Alisema mlima umeshachukua mtu kwa ajili yake, hataki uchukue wa pili. Corinne alilia, mchungaji akaomba, Nadine akapayuka. Hakubadilika. Leo Jumanne miguu yake imevimba hata viatu havimwingii, mnaona amekaa hapa na soksi. Hatuna siku nyingi. Tunamzika mmoja kwa ubishi wake, na wa pili anatuponyoka mikononi tukimtazama.

Gia za mbele zilifika Ijumaa asubuhi, siku moja baada ya kifo. Wendell alitafuta nyumba nyingine ya difu ya mbele, badala ya ile iliyovunjika, akafunga namba ileile ya nyuma. Alimaliza leo alfajiri. Delbert atapanda makaburini kwa gari lake mwenyewe. Gia mpya hazikimbizwi, kwa hiyo msafara utakwenda polepole, na tutasimama daraja la pili zipoe. Tafadhali asipige honi mtu.

Leo kabla hatujaingia, Wendell alimwendea Arlene mlangoni mwa kanisa, kofia mkononi, akamwambia, "Shemeji, hakuna aliyeisikiliza bado. Siwezi kumbeba kaka kwa difu ambayo hujaisikia."

Arlene alilitazama lile gari. Kisha akajibu, "Mpaka makaburini tu."

Marehemu ameacha mjane, Arlene, binti, Corinne, dada, Nadine, na mdogo wake, Wendell. Viazi vya jibini vya akina mama viko ukumbini, mle bila kuwangoja Wendell na Arlene.

Wifi, makaburi yapo kwenye njia ya Lost Trail. Begi lako la kliniki liko nyuma ya kiti chako, pamoja na viatu vikubwa vya Delbert, vitakuingia. Kliniki wanakutegemea saa nane. Tulikuficha jambo hili mpaka sasa, na sasa umesikia mbele ya kanisa zima.

Mlima unatungoja, mama. Twende?

Apumzike ndugu yetu Delbert. Mkewe tutamwendesha sisi.