Ndevu za Mume wa Sajini Riyama

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Kamanda wetu wa zimamoto, maafisa na askari, majirani mliotoka Ng'ambo, na wewe Sajini Riyama, mke wangu: Assalaamu alaykum.

Mie Suhail, kinyozi. Nimeombwa niseme machache katika hafla hii ya kumrudishia sare mke wangu, aliyesimamishwa kazi kwa shitaka la kupeleka gari la zimamoto Chwaka, kugawa maji kwenye nyumba ya msiba, bila ya ruhusa. Ruhusa alipewa kwa simu. Namshukuru Kamanda, mtu wa kumbukumbu nzuri mno. Ilimchukua miezi mitatu tu kukumbuka kuwa aliyeitoa ni yeye.

Ndugu zangu, askari akisimamishwa, amri zake anazipeleka wapi? Anazileta nyumbani. Alfajiri natakiwa niwe wima mlangoni, kandambili zimepangwa mstari. Hata mama yangu mzazi alikaguliwa jiko. Tulitii, kwa sababu tulikuwa tukimwona anapiga pasi kanga kwa kukosa sare ya kupiga pasi, na roho zikituuma.

Siku moja jiko la gesi la jirani yetu Bi Mwanakheir likashika moto. Riyama alifika wa mwanzo, akaganda kizingitini. Barua ya kusimamishwa ilimkataza kazi yoyote ya kikosi. Akiugusa moto ule, ajira imekwenda.

"Mie nimesimamishwa," akaniambia. "Wewe raia. Lowesha gunia, ingia."

"Mie?"

"Inama! Funika jiko! Sasa funga mtungi!"

Nikainama, nikafunika, nikafunga. Moto ukazimika, na ndevu zangu zikaondoka nao.

Kamati ya kikosi iliyokuwa ikichunguza kesi yake ikaniita: nani aliyezima moto, Sajini au wewe? Nikawaonesha kidevu. Walitaka ushahidi gani tena? Hadi leo wateja wananiuliza nani kaninyoa vibaya hivi. Nawajibu, mke wangu, na wembe hakuugusa.

Waheshimiwa, ndevu zinaota. Jina la mtu likiungua, mtalipaka dawa gani? Basi kabla ya kumvua mtu sare, angalieni simu zenu kwanza.

Leo nimemwona kaivaa tena, nimelia, wala sioni haya. Ahsanteni nyote kwa kunitegea masikio.

Sajini, nimemaliza. Naomba ruhusa nikae.