Bega la Malsun

Benchi letu liko nje ya bafu la mtaa, huku Yeongdo, mjini Busan, Korea, kando ya mashine inayotoa kahawa kwa vikombe vya karatasi. Tukishaoga, nyuso zimetuiva, ndipo tunapokaa, wanawake watatu. Yupo Nyundo, aliyemaliza ujana wake akigonga kutu kwenye meli. Yupo Redio, ambaye kila dawa anayoijua kaisikia redioni. Na mimi, muuza keki za samaki. Mwaka jana hatukuwa na habari nyingine ila bega la Gwak Malsun, anayesugua watu nongo humo ndani. Malsun kawasugua mama zetu, sisi wenyewe, na mabinti zetu kabla ya kuolewa. Mtaa wa pili wana bafu jipya la vioo. Hawana Malsun.

Basi bega lake la kulia likagoma. Akawa hawezi hata kutundika taulo. Mwenye bafu akaanza kuulizia msuguaji mwingine.

Redio alisema ni upepo wa feni umeingia mfupani. Kesho yake ikawa damu iliyoganda. Wiki haijaisha, akasema nongo za mtaa mzima zimepanda mkono zikajikusanya begani.

— Zako peke yako zinatosha, Nyundo akamwambia.

Yeye Nyundo alitaka Malsun asugue kwa nguvu zaidi, maumivu yachoke yenyewe.

— Sisi tuligonga chuma mpaka mabega yakasahau kuuma.

— Ndiyo maana mpaka leo unavalishwa sweta, dada, Redio akamjibu.

Malsun akaenda kliniki. Wakamwambia kano zinazoshika bega zimechakaa, moja imechanika kidogo, lakini kisu hakihitajiki. Akaanze mazoezi kwa mtaalamu wa viungo, Bi Pyo. Tulitegemea mashine kubwa. Akarudi na kipande cha mpira wa kuvuta. Akakifunga kwenye kitasa cha mlango wa bafu, akabana taulo kwapani, kiwiko ubavuni, akawa anavuta kuelekea nje, taratibu. Tukacheka. Yeye hakucheka.

— Bi Pyo hakuniambia niache kazi. Aliniuliza naifanyaje. Nikamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe nikamsugua mgongo. Akasema, haya, tulirudishe bega kazini.

Baridi yote alivuta ule mpira. Kuna siku nilimkuta nyuma ya birika la maji moto analia, anasema haliponi. Nilipowasimulia wenzangu, Nyundo aliingia ndani akamwambia mwenye bafu kwamba akimleta mwingine, benchi zima litahamia kwenye lile bafu la vioo.

Masika Malsun akarudi kazini, kitanda cha kusugulia kimeinuliwa, anasukuma kwa miguu na kiuno badala ya bega. Hapo kila mtu akawa ndiye aliyemponya. Redio akadai ni supu aliyompikia baridi yote. Nyundo akadai ni ukali wake. Wakabishana mpaka akatoka mama mmoja aliyehamia juzi, ngozi inang'aa, akatuuliza kwa upole:

— Na yeye mgongo wake anasuguliwa na nani?

Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumwomba ageuke naye asuguliwe.

Malsun alikuwa mlangoni anakamua taulo. Akaliweka chini. Akapeleka mkono wa kulia nyuma, ukapanda polepole, ukasita, ukapanda tena, mpaka vidole vikatua katikati ya mabega.

— Mimi mwenyewe, akasema. Tangu Jumapili.

Akaokota taulo akarudi ndani. Kulikuwa na mtu kitandani anamsubiri.